Usipikie magadi katika chombo cha kauri

Vyombo vya kauri visivyogandisha chakula vimeingia katika jikoni nyingi za mjini. Wewe mkazi wa Kitengela, Kajiado au Magadi unayenunua chombo kama hicho, yakupasa ujue mambo mawili: namna ya kukitunza, na kitu kisichofaa kutiwa ndani yake.

Chombo hiki si kauri tupu kama kikombe cha chai. Mara nyingi ni aluminiamu iliyopakwa tabaka jembamba la silika, madini yale yale yaliyomo katika mchanga na vioo. Hakina kemikali ya Teflon, ambayo huanza kuharibika na kutoa moshi wenye madhara joto likipita kiasi cha nyuzi 260 za Selsiasi. Lakini tabaka la kauri huisha utelezi mapema kuliko Teflon, hasa likitumiwa vibaya.

Madhara ya magadi

Wapishi wengi hutia magadi katika maharagwe, githeri au mboga za kienyeji ili ziive upesi. Magadi ya Ziwa Magadi hununuliwa na viwanda vya vioo kwa sababu huufanya mchanga uyeyuke kwa joto la chini kuliko kawaida. Basi kumbuka kwamba tabaka la chombo chako nalo ni silika. Moto wa jikoni hauwezi kuliyeyusha, lakini maji ya magadi yakichemka humo mara kwa mara hulila polepole. Likishachubuka, magadi huishambulia aluminiamu iliyo chini yake.

Mwili nao hupata hasara. Magadi huharibu vitamini B1 iliyomo katika maharagwe. Tena, magadi ghafi ya Bonde la Ufa huwa na madini ya floraidi, na maji ya visima vingi vya Kajiado pia huwa nayo. Floraidi ikizidi, meno ya mtoto yanayoendelea kuumbika hupata madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kuchemsha maji hakuiondoi, bali huyafanya maji yapungue na floraidi ikolee.

Badala ya kutumia magadi, loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha uyapike kwa maji mapya katika sufuria nzito au presha kuka. Ukipata maji safi ya mvua, yatumie kwa chakula cha watoto.

Namna ya kutunza

Kwanza, tumia moto wa wastani. Usikiache chombo kitupu motoni. Jiko la makaa ni vigumu kulipunguza moto, kwa hiyo gesi ni afadhali.

Pili, koroga kwa mwiko wa mti. Usikatie nyama wala chapati ndani ya chombo.

Tatu, tia mafuta kidogo tu. Mafuta yanayoungua huacha utando wa kunata, na wengi hudhani chombo kimeharibika.

Nne, kiache kipoe kabla ya kukitia maji baridi, la sivyo tabaka hupasuka.

Tano, kioshe kwa sponji na sabuni ya maji. Usitumie waya, mchanga wala jivu, kwani jivu nalo lina ukali kama wa magadi.

Sita, maji ya chumvi yakiacha utando mweupe, chemsha maji yenye vijiko viwili vya siki kwa dakika chache, kisha suuza vizuri.

Saba, ukivipanga vyombo kimoja juu ya kingine, weka kitambaa katikati.

Ukiona tabaka limebanduka na chuma kinang'aa chini, acha kukipikia. Bei ya chombo kipya si ndogo, lakini meno ya mtoto yakishapata madoa hayo, hakuna duka linalouza mengine.