Umethibitisha, au Umesikia tu?



Ndugu zangu, Ramadhani iliyopita pesa za mchango wa futari zilionekana kupungua. Mwenzetu mmoja akaniambia amemwona ndugu fulani akitoka na bahasha. Nami nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Habari hii nimeithibitisha." Siku mbili baadaye mweka hazina akaleta risiti: ndugu yule alitumwa kumlipa muuza mchele. Nilimwomba msamaha, akanisamehe. Lakini neno lile halikuniacha. Nilikuwa nimefanya nini hasa? Nikarudi kwenye mizizi ya maneno.

Thibitisha: Mzizi wake wa Kiarabu ni th-b-t, yaani kusimama imara. Ndiyo maana twasema mtu thabiti, na mwezi wa Idi umethibiti. Kuthibitisha habari, basi, ni kuisimamisha mpaka ukiisukuma haianguki. Mimi sikuisukuma hata kidogo.

Hakikisha: Mzizi ni h-q-q, ule ule wa haki na hakika. Kwa Kiarabu, haqq ni ukweli na pia ni stahiki ya mtu. Kwa hiyo anayekosea katika kuhakikisha huenda pia akamdhulumu mwenzake.

Bainisha: Latokana na b-y-n, kuwa wazi na kupambanuka, humo mmetoka bayana. Mbele ya kadhi, bayyina ni ushahidi ulio wazi, na kanuni inayojulikana katika fiqhi ni kwamba bayyina iko juu ya mwenye kudai, na kiapo juu ya mwenye kukana. Sisi tulimtaka mtuhumiwa ajisafishe, hali mzigo ulikuwa wetu.

Dalili: Asili yake ni kiongozi, yule anayekuonyesha njia. Mawingu ni dalili ya mvua, lakini mawingu hayalowanishi nguo. Bahasha ilikuwa dalili. Mimi nikaifanya hukumu.

Sasa tuitazame Suratul Hujuraat, aya ya 6, inayotuamrisha kuchunguza tunapoletewa habari na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Katika kisomo cha Hafs tunachokitumia wengi wetu, neno la amri ni "fatabayyanuu", kutoka b-y-n. Hamza na al-Kisaai, maimamu wa kisomo wa Kufa, walisoma "fatathabbatuu", kutoka th-b-t. Ukiondoa nukta, maneno hayo mawili yanaandikwa sawasawa, na visomo vyote viwili ni sahihi. Kimoja kinatuambia: tafuteni uwazi. Cha pili kinatuambia: tulieni, msifanye haraka. Nilipojifunza haya darasani nilijiona mimi mwenyewe, maana uwazi sikuutafuta wala kutulia sikutulia. Na aliyenipa habari hakuwa fasiki. Alikuwa mtu mwema aliyeona nusu ya jambo. Ikiwa hata mwema anaweza kukosea, haja ya kutulia inazidi.

Basi, ndugu yangu, kabla hujatuma ujumbe unaomgusa mtu, jiulize: je, habari hii imesimama? Je, iko wazi, au ni dalili tu? Je, mhusika nimempa haki ya kusikilizwa? Kama hujui, sema "nimesikia", au bora zaidi, nyamaza. "Nimethibitisha" ni ushahidi, na ushahidi tutaulizwa.

Wallahu aalam.