Pete Inayotoboa Seli: Somo Kuhusu Sumu ya Bakteria wa Koo



Ndugu msomaji, mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si udaktari. Kilichonileta kwenye somo hili ni madrasa. Wakati wa likizo huwasomesha watoto hapa Mvara, na msimu wa vumbi hakosi mtoto asiyeweza kusoma kwa sauti kwa kuwa koo linamuuma. Tunampa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, tunamwambia atapona. Mara nyingi hupona kweli, maana maumivu mengi ya koo huletwa na virusi. Lakini mengine huletwa na bakteria aitwaye streptokoki, na huyo ana silaha ambayo inafaa tuijue.

Silaha yenyewe ni protini iitwayo streptolisini O. Herufi O ni ya oksijeni, kwa sababu oksijeni huiharibu. Bakteria huitema ikiwa vipande vimoja vimoja, kila kimoja kikielea peke yake. Ncha ya kila kipande hutafuta kitu kimoja: kolesteroli.

Hapa wengi tunakosea. Tukisikia kolesteroli tunafikiria mafuta ya nyama tu. Kumbe kila seli ya mwili wako imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, na kolesteroli ni sehemu ya utando huo; ndiyo inayousaidia kuwa imara. Bakteria kwa kawaida hawana kolesteroli katika tando zao. Basi sumu humpita mwenyewe bila kumdhuru, ikifika kwetu hushika.

Ikishashika, vipande huteleza juu ya utando na kuungana ubavu kwa ubavu, mpaka vinakuwa pete ya vipande 30 hadi 50 hivi. Wakati huo pete imesimama tu juu ya utando, haijatoboa kitu. Kisha vipande hujikunja, pete inashuka, na kila kipande kinachomeka miguu yake ndani. Hubaki tundu lenye upana wa nanometa 25 hadi 30, wakati unene wa utando wenyewe ni kama nanometa 5. Kwa kipimo cha seli hilo si tundu la sindano, ni mlango. Potasiamu inatoka, kalsiamu na maji yanaingia. Chembe nyekundu ya damu huvimba ikapasuka. Seli nyingine hupambana: ile kalsiamu inayoingia ndiyo huziamsha, zikakitoa kipande cha utando kilichotobolewa na kujiziba.

Lililonishangaza zaidi ni hili. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba protini za kinga yetu wenyewe, zile zinazotoboa bakteria, zina umbo la ndani linalofanana na la sumu hizi. Mbinu ni moja, wanaoitumia ni maadui.

Mwili nao hutengeneza kingamwili dhidi ya streptolisini O. Edgar Todd alieleza jinsi ya kuzipima mwaka 1932, na maabara bado zinatumia kipimo hicho. Mtoto aliyepona koo wiki kadhaa zilizopita, sasa magoti yamevimba na ana homa, damu yake inaweza kuonyesha kwamba streptokoki alipita. Maana ubaya mkubwa huja baadaye: kinga iliyozoea kupigana na streptokoki hukosea shabaha ikashambulia vali za moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, na kovu la vali linaweza kubaki maisha yote.

Gulu, ng'ambo ya Nile kutoka kwetu, kulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Watoto na vijana 818 wa miaka 5 hadi 17, ambao mioyo yao ilikuwa imeanza kudhurika bila wao kujua, waligawanywa. Baadhi walidungwa penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2. Waliodungwa, hali ilizidi kuwa mbaya kwa asilimia 0.8 tu, wasiodungwa, asilimia 8.2.

Na kwa koo lenyewe, penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu maumivu yaanze, bado huzuia homa hiyo. Kwa hiyo katika daftari letu la mahudhurio sasa tunaandika pia siku ambayo koo la mtoto lilianza kuuma, ili mzazi akienda naye kituo cha afya awe na jibu.