Ajira Haiuzwi: Kuchagua Tovuti ya Kutafutia Kazi

Tovuti za kutafutia kazi zinazofunguliwa kwenye simu za vijana wa Ubena Zomozi, Chalinze, Msata na Bagamoyo ni za aina tatu, na matapeli hupata mwanya pale mtu anaposhindwa kuzitofautisha.

Aina ya kwanza ni tovuti ya mwajiri mwenyewe, au ya chombo kinachoajiri kwa niaba yake. Kwa kazi nyingi za serikali chombo hicho ni Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yenye makao makuu Dodoma. Maombi yake hupokelewa katika mfumo uitwao Ajira Portal, kwa anwani ya portal.ajira.go.tz. Aina ya pili ni tovuti za mawakala. Humo mwajiri huweka tangazo, naye mwombaji hufungua akaunti na kuweka wasifu wake. Serikali ina wakala wake, TaESA, yaani Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania. Wapo pia mawakala binafsi wanaotakiwa kuwa na leseni ya Kamishna wa Kazi, na ipo mitandao ya kimataifa kama LinkedIn.

Aina ya tatu ndiyo inayosomwa zaidi: kurasa zinazonakili matangazo ya wengine na kuyasambaza hadi kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Kurasa hizi zina msaada wake, kwa kuwa zinamfikishia habari kijana asiye na bando la kupekua tovuti ishirini kila asubuhi. Lakini hazimwajiri mtu. Tangazo likionekana humo, msomaji analitafuta kwenye chanzo chake, na akilikosa huko anapaswa kulichukulia kuwa ni la uongo mpaka mwajiri mwenyewe athibitishe.

Fedha haitolewi

Malalamiko ya kutapeliwa kwa jina la kazi yanafanana kama mapacha. Tangazo linataja kiwanda, mgodi, shirika la kimataifa au mradi wa reli, na mshahara wake ni mkubwa kuliko kazi yenyewe. Sifa ni chache, mara nyingi kidato cha nne tu, na badala ya anwani ya ofisi kuna namba ya simu ya mkononi. Anayepiga anapokelewa kwa adabu, anaambiwa amechaguliwa, kisha anaombwa fedha kidogo: ya fomu, ya kitambulisho, ya sare, ya vipimo vya afya au ya mafunzo ya siku tatu. Akishatuma anaombwa nyingine, na siku anayotakiwa kuripoti kazini namba haipatikani.

Hivyo kanuni ya kwanza na ya mwisho ni kwamba mtafuta kazi hatoi fedha. Kuomba kazi kupitia Ajira Portal ni bure. Mawakala binafsi wanaongozwa na kanuni za 2014 zilizotungwa chini ya Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya 1999, na gharama za huduma yao zinamhusu mwajiri, hazimhusu anayetafuta kazi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, una msimamo huohuo: mfanyakazi asitozwe ada, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Shilingi elfu kumi ya fomu ni ada. Shilingi elfu tano ya "kushughulikia faili" ni ada. Anayeiomba si mwajiri, hata awe na mhuri na picha ya bendera ya taifa.

Watu wazima wenye akili zao hunaswa kwa sababu uhaba wa kazi ni wa kweli. Juni 2014 zaidi ya vijana 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Machi 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania iliwaita kwenye usaili watu zaidi ya 100,000 kwa nafasi 1,596. Palipo na msongamano huo, anayesema "nina mtu wangu ndani" hupata wasikilizaji. Anachouza ni tamaa ya kuruka foleni, na aliyetapeliwa namna hii huona aibu kwenda polisi kwa kuwa alidhani anatoa rushwa. Aibu hiyo ndiyo inayomlinda tapeli, kwa hiyo taarifa itolewe hata hivyo.

Kwa wakazi wa Pwani kuna jambo la kuongeza. Kazi nyingi za kibarua katika mashamba ya mananasi ya Kiwangwa na viwanda vya Chalinze hupatikana getini au shambani, kwa kuonana na msimamizi. Tangazo la kibarua linalotaka malipo kwa simu kabla mtu hajaliona geti lisiaminiwe.

Kuisoma anwani

Kikoa cha .go.tz hutolewa kwa taasisi za serikali pekee. Kwa sababu hiyo anwani ya tovuti inayodai kuwa ya serikali husomwa kuanzia mwisho wa jina lake, kabla ya mkwaju wa kwanza. Ikiishia na .go.tz, ni ya serikali. Maneno "ajira" na "go" yakitangulia, kisha jina likaishia na .com au .xyz, hiyo ni tovuti ya mtu binafsi iliyovaa joho la serikali. Barua pepe nayo husomwa hivyohivyo: taasisi ya umma haiwaiti watu kwenye usaili kwa anwani ya Gmail.

Tangazo halali hutaja jina kamili la mwajiri, kituo cha kazi, sifa, namna ya kuomba na tarehe ya mwisho. Tangazo lisilo na tarehe ya mwisho linaweza kuwa la miaka mitatu iliyopita, limerudishwa ili ukurasa upate wasomaji.

Tovuti ichaguliwe pia kwa kile inachokiuliza. Wasifu, vyeti na mawasiliano vinatosha kumwombea mtu kazi. Namba ya NIDA huingizwa kwenye mfumo wa serikali, lakini haibandikwi kwenye kundi la WhatsApp. Namba ya siri ya simu au ya benki haihitajiki popote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa kila mtu haki juu ya taarifa zake, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko.

Akaunti iwe ya mwombaji mwenyewe

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni hili. Waombaji wengi vijijini hufunguliwa akaunti katika vibanda vya steshenari. Mhudumu anaskani vyeti, anaweka barua pepe yake, anatunga nywila na kubaki nayo. Tangazo la usaili linapotoka, taarifa inaingia kwenye barua pepe ya mhudumu ambaye huenda amehamia Morogoro, na mwombaji anajua amekosa nafasi siku ya pili baada ya usaili kupita. Wengine wamewekewa masomo wasiyosoma, nao ndio wanaokutwa na kosa la taarifa za uongo.

Kulipia kuskani na kuchapa ni halali, maana hiyo ni kazi ya steshenari. Lakini barua pepe iwe ya mwombaji, nywila aitunge yeye na kuiandika kwenye daftari lake, na kabla ya kutuma asome kila kilichojazwa. Kisha aondoke kwenye akaunti na kufuta nakala za vyeti kwenye kompyuta ya kibanda. Barua ya maombi isainiwe. Umri, uraia na aina za vyeti vinavyokubaliwa vimeandikwa kwenye kila tangazo na visomwe humo. Itoshe kusema kwamba hati ya matokeo haikubaliwi badala ya cheti.

Pamoja na hayo, mfumo wa Ajira Portal umewapunguzia wananchi mzigo mkubwa. Kijana wa Ubena hatumi tena bahasha ya kaki na kungoja asijue kama ilifika, na usaili wa kada nyingi sasa hufanyika mikoani badala ya kuwasafirisha wote hadi Dodoma.

Kazi za nje ya nchi

Hapa hatari huzidi fedha. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2023 ilikadiria kuwa watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar walikuwa wameshikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni, wengi wao wakiwa wamevutwa kwa matangazo ya kazi, na Waafrika wamo. Ofa ya nje ya nchi ipelekwe kwanza TaESA na mkataba usomwe kabla ya safari. Anayesisitiza mtu aondoke kwa viza ya utalii, au anayetaka kumshikia pasipoti, aripotiwe. Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya 2008 inamhusu.

Aliyekwisha kutapeliwa

Fedha ikishatumwa, dakika za mwanzo ndizo zenye maana. Mhusika anapiga 100 kwa mtandao wake na kuomba muamala uzuiwe, kisha anatuma namba ya tapeli kwenda 15040, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ujumbe na picha za tangazo visifutwe. Vinapelekwa kituo cha polisi kilicho karibu, kesi inafunguliwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mlalamikaji anaondoka na namba ya RB. Ikiwa alitoa namba ya NIDA, anapiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa jina lake, na asiyoitambua anaifungisha kwa mtandao husika.