Povu Lina Maana Nyingi: Jua Lipi Linakula Pesa Zako

Tia sabuni ya unga kwenye karai, yachape maji kwa mkono, na baada ya dakika moja karai limejaa pomoni. Subiri kidogo: povu linashuka, na maji ni yale yale uliyoanza nayo. Leo tunalifuata neno hili hadi mahali pengine linapotumika, kwa sababu kila mahali kuna somo kuhusu pesa iliyo kwenye simu yako.

1. Povu la mdomoni

Mtaani, kutoa povu ni kumfokea mtu kwa hasira. Tapeli huifanya kuwa kazi. Anakupigia: "Nimekutumia 3,500 kimakosa, ni pesa ya hospitali, rudisha sasa hivi!" Ukikawia, anakuita mwizi. Anataka uone haya, uharakishe, usiangalie salio.

Usibishane naye. Kata simu, angalia salio. Kama hakuna kilichoingia, hakuna cha kurudisha. Na kama kweli pesa imeingia, usiitume mwenyewe. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja. Ukiituma mwenyewe, anaweza bado kuomba muamala wa kwanza ubatilishwe, na hapo utakuwa umelipa mara mbili.

2. Kiputo cha meseji

Povu ni viputo vingi vilivyoshikana. Hata meseji kwenye simu yako huja ndani ya kitu kama kiputo, na mtu yeyote anaweza kuandika humo "Umepokea Ksh 3,500".

Kama una duka, mteja kukuonyesha meseji kwenye simu yake si malipo. Meseji iliyokuja kutoka nambari ya mtu binafsi pia si malipo. Umelipwa pale salio lako linapoongezeka. Liangalie kabla ya kutoa mzigo, hata kama foleni ni ndefu na mteja ana haraka.

3. Povu la bei

Hili ndilo kubwa. Bei inapopanda kwa sababu tu kila mtu anaamini itapanda zaidi, Waingereza huiita kwa neno lile lile la kiputo cha sabuni. Mfano wao maarufu ni wa mwaka 1720. Hisa za kampuni ya South Sea zilipanda kutoka pauni 128 hivi mwezi Januari hadi karibu 1,000 katikati ya mwaka, kisha zikaanguka chini ya 200 kabla mwaka kuisha. Hata Isaac Newton, mwanasayansi mkubwa, alipoteza pesa humo. Kwa hivyo si suala la kukosa akili.

Hapa kwetu tulikuwa na kware. Mwaka 2013 uvumi ulienea kwamba mayai yake yanatibu magonjwa mengi. Bei ya yai moja ikapita ya yai la kuku mara kadhaa, na watu wakakimbilia leseni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), maana kware ni ndege wa porini. Kufikia 2014 wafugaji walikuwa wengi kuliko walaji, na mayai yakakosa soko. Kware wenyewe hawakuwa uongo. Hewa ilikuwa ile imani kwamba daima atatokea mtu wa kununua kwa bei ya juu zaidi.

Kabla ya kubonyeza "Tuma"

Ukiletewa biashara mpya kwenye chama au kwenye kundi la WhatsApp, uliza:

- Mnunuzi wa mwisho ni nani? Kama jibu ni "wanachama wapya", hilo ni povu.
- Faida inatoka wapi? Kama anayekualika hawezi kukueleza kwa sentensi mbili, ngoja.
- Mbona ni lazima iwe leo? Biashara nzuri itakuwepo hata kesho.

Tunasisitiza kungoja kwa sababu moja: pesa ikishafika kwa mwingine na akaitoa kwa wakala, kuirudisha ni kibarua. Kuuliza hakukugharimu hata shilingi. Na ukingoja kidogo, povu hushuka lenyewe, ukaona kilicho ndani ya karai.