Safari ya Jibu la Maabara: Kuunganisha Mwelekezaji wa Ujumbe na Kanzidata ya Hospitali

Mgonjwa wa kikohozi cha muda mrefu katika zahanati ya Bahi au Chamwino hutoa makohozi, na sampuli hiyo ikapelekwa kwenye kituo chenye mashine ya GeneXpert. Mashine hutoa jibu la kifua kikuu, pamoja na dalili ya usugu wa vimelea kwa rifampisini, kwa muda wa takriban saa mbili. Iwapo mgonjwa huyo atakaa siku kadhaa bila kuanza dawa, chanzo huenda kisiwe maabara wala dawa, bali njia ambayo jibu lapaswa kupita kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Siku hizo zote aendelea kukohoa nyumbani, mara nyingi katika chumba kimoja na watoto.

Ugumu wa njia hiyo watokana na lugha mbili zisizofanana. Mfumo wa hospitali, mathalani GoTHOMIS unaotumika katika vituo vya Serikali, huhifadhi taarifa katika kanzidata ya majedwali: jedwali la wagonjwa, jedwali la vipimo, jedwali la dawa, yote yakiunganishwa kwa namba za utambulisho. Nadharia yake iliandikwa na E. F. Codd mwaka 1970, na lugha ya kuzungumza na majedwali hayo ni SQL. Vifaa na mifumo ya maabara, kwa upande wake, aghalabu hutuma ujumbe wa HL7, utaratibu ulioasisiwa Marekani mwaka 1987. Ujumbe huo ni mistari ya maandishi iliyotengwa kwa vijiti vya wima: mstari mmoja wamtaja mtumaji, mwingine mgonjwa, mwingine jibu lenyewe. Jedwali halielewi mstari huo, wala mstari haulijui jedwali.

Hapo ndipo huingia programu ya kuelekeza ujumbe. Kazi yake yafanana na ya wakala wa vifurushi katika stendi ya mabasi: hupokea, husoma anwani, hupeleka, na hudai uthibitisho kwamba mzigo umefika. Apache Camel, iliyoanza mwaka 2007, ni mojawapo ya programu hizo, na yaweza kushirikiana na MyBatis, mrithi wa iBATIS tangu mwaka 2010, ambayo ndiyo hufanya upangaji wa SQL. Amri za SQL huandikwa katika faili la pekee, kila moja ikipewa jina, kwa mfano «wekaJibu» au «tafutaMgonjwa». Mwelekezaji huita jina tu na kukabidhi taarifa. Jedwali la vipimo likibadilishwa, fundi hurekebisha faili la upangaji bila kuigusa njia ya ujumbe. Faida hii huonekana ndogo siku ya kwanza. Thamani yake hujulikana mfumo unapobadilishwa katikati ya mwaka na fundi aliyeujenga amekwisha kuhamia mkoa mwingine.

Upande wa jiji la Dodoma iko kata ya Ng'hong'onha. Jina hilo ni mtihani mzuri kwa kila mfumo, kwa kuwa katika SQL alama ya ritifaa ndiyo hufungua na kufunga maandishi. Fundi akiubandika ukazi wa mgonjwa moja kwa moja ndani ya amri, kanzidata hudhani maandishi yameishia kwenye «Ng», nayo hukataa amri nzima. Jibu la mgonjwa hupotea kwa sababu ya mahali anapoishi. MyBatis hutoa njia mbili: thamani iliyotanguliwa na alama ya reli (#) hukabidhiwa kanzidata ikiwa kando na amri, salama na ritifaa zake, iliyotanguliwa na alama ya dola ($) hubandikwa kama ilivyo. Taarifa za mgonjwa zapaswa kupita kwa njia ya kwanza daima, kwani ya pili humruhusu hata mtu mwenye nia mbaya kupenyeza amri zake kupitia kisanduku cha jina. Kufuta ritifaa ili «mfumo usisumbue» si tiba: jina huwa na sura mbili, na mtu mmoja huwa wagonjwa wawili.

Jambo la pili ni mpangilio wa hatua umeme unapokatika. Tuseme mwelekezaji amepokea jibu, akaijibu maabara «nimepokea», kisha umeme ukazimika kabla ya kuandika katika jedwali. Maabara haitatuma tena, na hospitali haina kitu. Kwa hiyo uthibitisho hutolewa baada ya kanzidata kukamilisha muamala, si kabla. Hata hivyo mpangilio huu nao una gharama yake: umeme ukikatika baada ya kuandika na kabla ya kuthibitisha, maabara itatuma mara ya pili. Dawa yake ni kuiwekea safu ya namba ya sampuli na kipimo sharti la kutojirudia, ili nakala ya pili itambuliwe na isihesabiwe kuwa jibu jipya. Kati ya hasara hizo mbili, nakala iliyorudiwa ni afadhali kuliko jibu lililopotea. Ya kwanza yaonekana, ya pili haionekani.

Kuna pia ujumbe usiopata mwenyewe, labda namba ya jalada imekosewa tarakimu moja. Huo hauruhusiwi kutupwa wala kukisiwa. Huwekwa katika foleni ya pembeni, na lazima awepo mtu mwenye jina katika ratiba, si «idara», anayeifungua kila asubuhi. Foleni hiyo isiposomwa hugeuka kaburi la majibu.

Mwelekezaji apewe ruhusa ya kuandika katika majedwali anayoyahitaji pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huhesabu taarifa za afya miongoni mwa zile nyeti, na kumbukumbu za makosa ya programu zisichapishe jina la mgonjwa pamoja na jibu lake.

Kwa mgonjwa, sehemu yake ni fupi. Majina yatajwe kwa mpangilio uleule kila hudhurio, namba ya simu iliyobadilika isemwe mapokezi, na namba ya sampuli iombwe ikiwa imeandikwa kwenye karatasi. Siku iliyoahidiwa ikipita bila jibu, namba hiyo humwezesha muuguzi kuangalia kwanza foleni ya pembeni, kabla ya kumtaka mgonjwa atoe makohozi mengine.