Mwalimu Aliyeshuka Kinamasini

Elimu ya chuo kikuu yaweza kuzaa kazi kijijini. Dkt. Moses Musaazi, aliyekuwa mhadhiri wa uhandisi Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, aliona wasichana wakikosa shule siku za hedhi kwa sababu pedi za dukani ni ghali. Akabuni MakaPads, pedi za mafunjo na karatasi zilizotupwa. Mafunjo hukatwa, humenywa, hupondwa, kisha huanikwa juani. Wanawake wakapata kibarua, hata kule kwa wakimbizi wa Kyaka II.

Jadilianeni:
1. Kwetu hapa, ni shida gani inawatoa watoto shuleni?
2. Ni kitu gani kimejaa mtoni tukakiona takataka?
3. Tukiuza, faida tutagawaje? Andikeni kitabuni kabla ya kuanza.