Dondoo muhimu: Pikipiki ya theluji Minnesota

Nguo za pamba ziache nyumbani. Fulana ikishalowa jasho haikauki, na baridi ya Minnesota haina huruma. Ndani vaa sufu au poliesta, juu jaketi lisilopitisha upepo, na helmeti yenye kioo kamili.

Njiani shika kulia, hasa kwenye kona. Mkipishana na msafara, kiongozi huonyesha kwa vidole idadi ya walio nyuma yake. Wa mwisho hukunja ngumi. Kamba ya kuzima injini ifunge mwilini. Ikining'inia kwenye usukani ni pambo tu.

Ziwani ndiko kwenye hatari kubwa. Barafu mpya, angavu na ngumu, isipungue sentimita 13, na usiamini alama za waliopita jana. Ukiwa na shaka, zunguka nchi kavu.